Uzi: Tuzo zinaenda kwa ripota wa TV, risasi zinabaki kwa koresponda wa mashinani

Kalamu_Ngara (mwanzisha uzi)

Wadau mchana mwema. Kuna kijana juzi aliuliza huku ndani vile mtu anaweza kuwa mwanahabari mpekuzi, akajibiwa mambo ya kununua kamera na kusoma kozi, nikapitia majibu yote nikaona hakuna mtu amemwambia kitu ya maana. Mi nimekula hii kazi miaka mingi, nilianza kama koresponda wa kaunti, unalipwa kwa stori, stori ikikataliwa na nauli yako imeenda, halafu nikahamia Nairobi nikawa fiksa, yaani yule jamaa wa kutafutia wageni wenye makamera gari, mkalimani, ruhusa na watu wa kuongea nao. Nitaandika mrefu, asiye na bando apite.

Ukitaja hatari ya wanahabari watu wanawaza vita, helmeti, fulana ya kuzuia risasi. Vita inaua, sikatai, na Nairobi inajua hiyo maneno kuliko miji mingi kwa sababu wanaoenda Somalia, Sudan Kusini na Kongo wengi wanatokea hapa, wanapanda ndege Wilson asubuhi. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilipiga nyumba moja Mogadishu ambako wazee wa upande wa Aideed, yule mbabe wa vita, walikuwa kwa mkutano, wanahabari wakaenda kuona kilichotokea na umati wenye hasira ukawageukia. Wakafa wanne: Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia hapa Nairobi, Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, hao watatu wote wa shirika la habari la Reuters, na Hansi Krauss, Mjerumani wa shirika la AP. Wazee wa hii kazi mpaka leo wakitaja hiyo siku sauti inashuka. Lakini hao waliuawa kwa sababu walikuwa pale. Mpekuzi anauawa kwa jina lake. Kuna mtu amekaa chini, ameita mwingine, wameelewana bei.

Norbert Zongo wa Burkina Faso alikuwa anafuatilia kifo cha David Ouédraogo, dereva wa François Compaoré, ndugu ya rais. Desemba 1998 gari lilipatikana limeteketea karibu na Sapouy, yeye na wenzake ndani. Carlos Cardoso wa Msumbiji alikuwa anafukua wizi wa karibu dola milioni 14 kwenye benki, Novemba 2000 wakammiminia risasi ndani ya gari pale Maputo akitoka kazini. Ahmed Hussein-Suale wa Ghana alikuwa kwa timu ya Anas Aremeyaw Anas, yule wa kuficha uso na shanga. Walipoanika rushwa ya marefa na wakubwa wa mpira, mbunge mmoja akaenda kwa TV akaonyesha picha ya Hussein-Suale, akawaambia watu wakimuona wampige na atalipa. Januari 2019 wanaume wa pikipiki wakampata Accra mtaani kwao. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo tatu ilikuwa na vita miaka hiyo. Ni pesa, na jina la mtu mkubwa.

Huyo Hussein-Suale mwangalieni vizuri. Bosi wake anajulikana dunia nzima lakini sura yake hakuna anayeijua. Sura iliyoanikwa ni ya kijana wa chini. Na hapo ndio penye nia yangu ya kuandika huu uzi, kwamba hatari ya hii kazi haigawanywi sawa, inateremka chini mpaka impate yule asiye na bima, asiye na kontrakti, asiye na ubalozi wa kumuulizia.

2007 kule Afghanistan Taliban walimteka Mwitaliano, Daniele Mastrogiacomo, na dereva wake Sayed Agha na fiksa wake Ajmal Naqshbandi. Dereva akachinjwa. Mwitaliano akabadilishwa na wafungwa watano wa Taliban, akapanda ndege. Ajmal akaachwa nyuma, Aprili wakamchinja. Mambo ya hapa jirani, Agosti 2008 Mogadishu walitekwa Amanda Lindhout wa Kanada na Nigel Brennan wa Australia, wakakaa miezi kama 15, watu wanakumbuka. Sasa niambieni nani hapa anakumbuka jina la Abdifatah Mohammed Elmi? Huyo ni mwanahabari Msomali aliyetekwa pamoja nao, yeye na madereva. Mimi nakumbuka kwa sababu ndio kazi yangu hiyo, nikisoma habari kama hizo naangalia kwanza mistari ya chini, pale pameandikwa "na dereva wao".

Huku kwetu ni koresponda wa kaunti. Ripota wa Nairobi anateremka na gari ya kampuni, anakaa hoteli siku mbili, stori inatoka, anatrendi, yeye ashajirudia. Koresponda ndiye alimpeleka kwa hizo nyumba, na haendi popote, anakutana na huyo mheshimiwa aliyeandikwa sokoni, anakutana naye kanisani, watoto wao wako shule moja. Francis Nyaruri alikuwa anaandikia Weekly Citizen kutoka Nyamira, ameandika juu ya ufisadi kwenye ujenzi wa nyumba za polisi. Akapotea Januari 2009, wiki mbili baadaye mwili ukapatikana msitu wa Kodera, sitaandika ulikuwa kwa hali gani. John Kituyi alikuwa edita wa Mirror Weekly pale Eldoret, gazeti dogo la mkoani, lilikuwa linaandika juu ya kesi ya ICC, ile mahakama ya kimataifa ya The Hague. Aprili 2015 akavamiwa jioni akielekea nyumbani. Simu ikachukuliwa. Pesa na saa ya mkono wakaacha. Sasa huyo ni mwizi gani.

Nitaendelea baadaye nikishatoka kwa hii foleni.

Mzito_Umoja

Kaka uzi mzuri lakini tuwe wakweli, nyinyi wanahabari wenyewe mnajulikana. Mkutano ukiisha mnabaki pale mnazunguka kama mna shida na choo, kumbe mnangoja bahasha. Mtu akila pesa ya mheshimiwa halafu amwandike vibaya unataka afanywe nini? Na raia wa kawaida wanapotea kila siku hakuna anayewaanzishia uzi.

Kalamu_Ngara

Mzito hapo kwa choo umenichekesha, na sikatai, bahasha iko na nimeona watu wazima wakiigombania. Lakini ngoja nikuonyeshe vile inafanya kazi maana wewe unaiona kutoka nje.

Vitisho havianzi na bunduki. Kwanza inakuja chai. Ukikataa inakuja kazi, "kijana unaandika vizuri, kwa nini usije utusaidie kwa ofisi ya mawasiliano." Ukikataa anakuja mtu wa ukoo wako, mjomba ama mzee wa kanisa, anakuambia hiyo stori inaumiza jamii yetu. Ukikataa ndio sasa unaona gari usiyoijua imeegeshwa karibu na geti siku tatu mfululizo. Sasa kama wenzako kumi wamekula kwa ile hatua ya kwanza, yule mkubwa akikuona umekataa hafikirii una msimamo, anafikiria unataka bei ipande. Anaongeza. Ukikataa tena ndio anashtuka, kwamba kumbe huyu hanunuliki, na mtu asiyenunulika amebakisha njia moja tu. Kwa hivyo wale wanaokula wanamhatarishia maisha yule asiyekula, hapo mimi na wewe tuko pamoja.

Ya raia kupotea umesema kweli. Ila ujue wale waliopotea ulisikia habari zao kutoka kwa nani.

Wa_Temeke

Mkuu heshima yako, nakusoma kutoka huku Dar. Umezunguka Afrika nzima umeturuka sisi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliuawa Septemba 2 mwaka 2012 pale Nyololo, Mufindi, bomu la machozi lilimpasua akiwa katikati ya askari, na kuna picha kabisa inaonyesha wamemzunguka. Askari mmoja akaja kufungwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja. Kwenye ile picha wapo wengi.

Halafu Azory Gwanda, huyu ndiye hasa unayemsema wewe, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa anaandikia Mwananchi kutoka Kibiti, kipindi kile cha mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi kule Rufiji. Novemba 21, 2017 watu walikuja na Land Cruiser nyeupe, wakapita shambani kwa mkewe, yeye akiwa ndani ya gari akamwambia mke amepata safari ya dharura. Hadi leo. 2019 waziri wa mambo ya nje akahojiwa na BBC akasema alipotea na kufariki, dunia ikashtuka, baadaye akasema amenukuliwa vibaya. Sasa mke anabaki kuwa mjane au si mjane? Hata matanga huwezi kuweka. Mimi nadhani kupotezwa ni kubaya kuliko kuuawa, kwa walio hai nasema.

binti_wa_Likoni

Maskini. Na Burundi pia yuko Jean Bigirimana wa Iwacu, alitoka nyumbani Julai 2016 hajaonekana. Halafu wenzake wanne wa gazeti hilohilo 2019 walikuwa wanaelekea Bubanza kwa sababu kuna mapigano yametokea huko, wakakamatwa, wakafungwa miaka miwili na nusu, wakaja kuachiliwa kwa msamaha wa rais Desemba 2020. Kosa lao ni kwenda kuangalia.

Niongezee la wanawake maana naona hapa wanaume tu mnaongea. Mwanaume akiandika stori wanamtisha kumuua. Mwanamke akiandika ileile wanaanza na mwili wake, wanatengeneza picha za uchi zisizo zake, wanazimwaga kwa magrupu ya WhatsApp mpaka la wazazi wa shule, ndipo watishie kumbaka, ndipo watishie kumuua. Na nyumbani badala ya kuulizwa nani anafanya haya unaulizwa wewe umefanya nini. Mwenzangu mmoja aliacha hii kazi bila kuguswa hata na ukucha, aliachishwa na mashangazi zake.

Kalamu_Ngara

Wa_Temeke asante mkuu, hapo kwa Azory umenipa jibu kwa wale wanaoniuliza inbox kwa nini nakazania watu wa chini. Dada wa Likoni hilo sikulifikiria kuliweka na lilitakiwa liwe juu kabisa.

Sasa niandike kile kitu kilinifanya nianze huu uzi. Watu wanadhani saa mbaya ni ile unachimba, umejificha, umevaa kamera ya kifungo. Hapana. Saa mbaya ni ile umeshamaliza na unapiga simu kubalansi stori. Sheria ya kazi inasema lazima umpe mtu nafasi ajibu na ni haki kabisa, mi sipingi. Lakini ukishapiga hiyo simu umemwambia kwa mkupuo mmoja kwamba unajua, kwamba uko karibu kutoa, na kwamba bado haujatoa. Kati ya hiyo simu na stori kutoka, hapo ndipo kukunyamazisha kuna faida kwake. Ikishatoka faida imepungua, anabaki na hasira, na hasira ni hatari pia lakini haina dedlaini.

Kwa hivyo hiyo simu inapigwa mwisho kabisa, inapigwa na edita kutoka laini ya ofisi, jina la koresponda halitajwi, nakala za kila dokumenti ziko kwa watu wengine wasiopungua wawili, na koresponda mwenyewe ametolewa hiyo kaunti kwanza. Mi nimeona ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, ikimwambia kijana apige mwenyewe, kwa simu yake, akiwa amesimama kwa stage ya matatu ya hukohuko. Yule bwana hakumjibu kitu, alisema tu asante kijana nimekusikia. Jioni akampigia mamake. Hakupiga kwa kijana, alipiga kwa mamake, akamsalimia vizuri, akamuuliza kama mafuta ya taa yanapatikana huko kijijini siku hizi. Kijana akahama usiku huo. Stori haikutoka, kwa sababu edita aliona "haijabalansi".

Nakala ndio bima ya maskini, hiyo muielewe. Kuna kundi la Ufaransa linaitwa Forbidden Stories, lilianzishwa 2017, kazi yake ni kumalizia stori za waliouawa ama kufungwa, na unaweza kuwaachia mzigo wako mapema. Daphne Caruana Galizia, mwanahabari mpekuzi wa Malta, alipolipuliwa na bomu la gari huko kwao Oktoba 2017, wanahabari kutoka nchi nyingi waliungana wakaendeleza faili zake. Ukiua mtu stori ikatoka mara kumi umeua bure. Muuaji wa kulipwa hajali hiyo, lakini anayelipa ni mfanyabiashara, anapiga hesabu.

mtoto_wa_Eastleigh

Bro mbona Gaza hujagusa?

Kalamu_Ngara

Nimeogopa uzi uhamie huko usirudi. Lakini sawa. CPJ, wale wa New York wanaohesabu wanahabari waliouawa, wanasema hakuna vita nyingine tangu waanze kuhesabu imeua wanahabari wengi kama ile. Na Israel ilizuia waandishi wa nje kuingia kwa uhuru wao, kwa hivyo kila picha uliyoona ilipigwa na mtu wa huko, anayelala njaa kama wengine, na familia yake iko kwa hema jirani. Anas al-Sharif wa Al Jazeera alitishwa kwa jina miezi mingi, Agosti 2025 akauawa na wenzake kwenye hema la wanahabari karibu na hospitali ya al-Shifa. Israel ilisema ni mtu wa Hamas, Al Jazeera ikakana. Ni kilekile ninachosema, mgeni akizuiwa kuingia mzigo wote unamwangukia mwenyeji.

Mzito_Umoja

Okei nimeelewa. Lakini hapa Nairobi si kuko shwari? Si ndio maana wote wanakimbilia huku, Waethiopia, Warundi, Wasudani. Mtu akifika Nairobi amepona.

Wakili_Jioni

Mzito, mwambie hivyo mjane wa Arshad Sharif. Mwanahabari wa Pakistan, alikimbia kwao Agosti 2022 kwa sababu ya kesi na vitisho, akapita Dubai, akaja kujificha hapa. Oktoba 23 mwaka huohuo usiku polisi wetu wakaipiga risasi gari aliyokuwemo kwenye kizuizi kule Kajiado, upande wa barabara ya Magadi. Walisema walikuwa wanatafuta gari iliyoibwa Pangani na wamekosea. Iliyoibwa ilikuwa Mercedes, yeye alikuwa kwa Land Cruiser. Julai 8, 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria na katiba, ikaamuru mjane alipwe shilingi milioni 10 na waliofyatua wachunguzwe na washtakiwe. Mjane wake pia ni mwanahabari, ndiye aliyeipeleka serikali mahakamani kutoka huko mbali. Angekuwa mtu wa kukata tamaa leo tungekuwa tunaongea juu ya "gari iliyoibwa".

Na kesi zenyewe ni silaha. Daphne alipokufa alikuwa na kesi zaidi ya 40 za kuharibu jina la watu. Huku kwetu hawana haja ya kushinda kesi, wanataka tu uje mahakamani kila mwezi, ulipe wakili, ulipe nauli, edita achoke na wewe. Nimesimamia watu wa namna hiyo, wengi hawakufungwa na wengi waliacha kuandika.

UNESCO wanasema karibu asilimia 85 ya mauaji ya wanahabari duniani hayajapata suluhu mahakamani. Na hata hizo chache zikipata hukumu, angalia kama hukumu ni ya mtu sahihi. Ilaria Alpi wa Italia aliuawa Mogadishu Machi 1994 na mpiga kamera wake Miran Hrovatin, alikuwa anafuatilia silaha na taka za sumu. Italia ikamfunga Msomali mmoja, Hashi Omar Hassan, zaidi ya miaka 15, halafu 2016 mahakama ya Perugia ikamsafisha kwa sababu shahidi alidanganya. Sasa waliowaua Ilaria na Miran wako wapi?

Kalamu_Ngara

Wakili umemaliza. Mzito mimi niongeze tu kwamba Nairobi haijawahi kuwa shwari vile watu wanasema. Wale wa umri wangu wanakumbuka usiku wa Machi 2, 2006, watu wenye bunduki wameficha nyuso wakaingia gazeti la Standard, wakazima KTN, televisheni yao, wakachoma magazeti kwa kiwanda cha uchapishaji, wakabeba kompyuta. Kesho yake tukangoja serikali iseme ni majambazi. Waziri wa usalama, marehemu Michuki, akasema ukimchezea nyoka ujiandae kuumwa. Alisema hivyo mbele ya kamera, mchana.

Fundi_Luthuli

Mi si mwanahabari, mi natengeneza simu huku Luthuli, mtaa wa mafundi hapa Nairobi, lakini naomba niongee kidogo maana wateja wangu wengine ni nyinyi. Mei 2025 wale waandaaji filamu walikamatwa kwa sababu ya ile dokumentari ya BBC ya waandamanaji waliouawa pale Bunge, wakasema hata hawakuhusika nayo. Simu zao zikachukuliwa, zikakaa na polisi wiki kadhaa. Zikarudishwa, zikapimwa na Citizen Lab wale wa chuo kikuu cha Toronto, ikapatikana FlexiSPY imewekwa ndani. Hiyo ni programu ya kununua tu, inasoma mesej, inasikiliza maikrofoni, inaonyesha uko wapi. Imewekwa simu ikiwa mikononi mwa polisi.

Sasa mtu ananiletea simu imerudi kutoka kituoni ananiambia fundi nifutie kila kitu nianze kuitumia. Simu iliyolala kituoni hiyo weka kwa bahasha mpelekee wakili ipimwe, usiiwashe kwa WiFi ya nyumbani, usiifute kwa sababu unafuta ushahidi. Nunua hata mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi. Na ile laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako, M-Pesa ukitumia mtu nauli ya kuja kukutana na wewe jina lako na lake zimeshakaa kwa rekodi moja na tarehe na saa. Mtumie mtu keshi. Watu wanaweka Signal, ile app ya mesej za siri, halafu wanamtumia soosi wao, yaani anayewapa habari, pesa kwa M-Pesa, sasa umeficha nini.

Mzito_Umoja

Hiyo ya M-Pesa imeniingia. Fundi uko duka gani?

Fundi_Luthuli

Siwezi andika hapa, tafakari mwenyewe kwa nini.

koresponda_mpya

Habari zenu wakubwa. Mimi ndiye yule kijana niliuliza ule uzi wa kwanza. Niko redio ya kaunti, Ukambani, sijaandikwa, nalipwa kwa habari. Nina stori ya mchanga, malori yanachota mtoni usiku na kuna watu wa usalama wanapokea kwa kila lori, nimeandika namba za malori na mama mmoja anaeishi hapo karibu amekubali kuongea. Edita anasema nilete sauti ya mama na sauti ya mwenye malori kabla ya Jumatatu. Nimesoma uzi wote sasa sielewi nifanye nini, kuacha sitaki.

Kalamu_Ngara

Kijana vizuri umejitokeza lakini umesema mengi sana, hariri hiyo post sasa hivi utoe mambo ya mto na ya mama, mtu wa huko akisoma ashajua ni nani. Hariri kwanza ndio uendelee kusoma.

Umehariri? Sawa. Mwenye malori usimpigie. Mwambie edita apige yeye, na umwambie kwa maandishi, si kwa mdomo, ili akikataa kuwe na rekodi kwamba alikataa. Sauti ya mama usiiweke hewani jinsi ilivyo, hata ukiibadilisha kijijini watamjua kwa vile anaongea, mwambie maneno yake yatasomwa na mtu mwingine na uulize tena kama bado amekubali, akisema hapana muache, hiyo ni stori yako yeye ana watoto. Usiende huko na boda moja kila mara. Na kabla haujatoka uwe na mtu mmoja anajua unaenda wapi na utarudi saa ngapi, asiwe msichana wako, awe mtu ambaye hatasita kupiga kelele saa mbili usiku ikifika na hujapiga simu.

koresponda_mpya

Nimehariri mkuu. Nimemwandikia edita, amejibu saa hii. Anasema ofisi haina airtime ya kupiga, nipige mimi nitarudishiwa mwisho wa mwezi.

Wakili_Jioni

Hiyo mesej ya edita piga skrinshoti unitumie inbox sasa hivi. Na usipige hiyo simu.

Kalamu_Ngara

Namba ya edita nitumie mimi. Airtime nitamwekea mwenyewe, tuone atasema nini tena.